Jicho Limeona, Mkono Haujajua: Mikato ya Kibodi katika Mafunzo ya Video

Kihariri cha msimbo ni programu ambayo mwandishi wa programu huitumia kuandika, kusoma na kusahihisha maagizo ya kompyuta, na kwa kuwa yeye hushinda humo kutwa nzima, ustadi wa kusogea ndani yake bila kuinua mkono kutoka kwenye kibodi umekuwa somo linalojitegemea. Mikato ya kibodi, yaani michanganyiko ya vibonye inayotekeleza papo hapo jambo ambalo vinginevyo lingehitaji kipanya na menyu, wengi huijua kwa mara ya kwanza kupitia video fupi ambamo mtu hodari huifanya kazi yake mbele ya skrini huku akieleza. Swali linalostahili kuchambuliwa ni kutazama huko kunafundisha nini hasa, na ni sehemu gani ya ujuzi huu isiyoweza kupita kwenye skrini hata mwalimu akiwa hodari kiasi gani. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba video inaifanya vizuri kazi moja, ambayo ni kumjulisha mtu kwamba jambo fulani linawezekana, na kwamba hasara huanza pale mtazamaji na mtengenezaji wa video wanapoihesabu kazi hiyo kuwa ndiyo kujifunza kwenyewe.

Mvutano kati ya kuonyeshwa na kuzoea ni wa zamani kuliko video zenyewe. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani mfumo wa kompyuta ambamo mkono mmoja ulishika kipanya na mwingine ulibonyeza kifaa kidogo cha vibonye vitano, kilichotoa herufi na amri kulingana na vibonye vilivyobonyezwa kwa pamoja. Watazamaji walistaajabu, na filamu ya onyesho hilo imehifadhiwa hadi leo, lakini kati ya vifaa hivyo viwili ni kipanya tu kilichoenea duniani. Kifaa cha vibonye vitano kilidai mazoezi ya muda kabla ya kumnufaisha mtu, nacho kikabaki mikononi mwa wachache waliokubali kuyafanya mazoezi hayo.

Miaka michache baadaye mikato ilipata makao yake ya kudumu ndani ya vihariri. Bill Joy, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alianza mwaka 1976 kuandika kihariri ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la vi, na mashine aliyokuwa akiitumia, ADM-3A, haikuwa na vibonye vya mishale vilivyotengwa, kwani mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l. Ndiyo sababu mamilioni ya watu ambao hawajawahi kuiona mashine hiyo bado husogeza kielekezi, yaani alama inayopepesa kuonyesha mahali herufi itakapoingia, kwa kutumia herufi hizo nne. Mwaka 1991 Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa toleo lililoboreshwa aliloliita Vim, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki programu hiyo ina uhusiano wa pekee, kwa sababu mtumiaji anapoifungua bila faili huombwa kuwasaidia watoto wa Uganda. Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa amejitolea mwaka 1994 kama mhandisi wa maji na usafi huko Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, na badala ya kuuza programu yake aliwaomba walioipenda wachangie kituo cha watoto cha mahali hapo.

Jambo la kuzingatia zaidi katika historia hiyo ni namna vihariri hivyo vilivyofundishwa. Emacs, mshindani mkuu wa vi, ina somo lililomo ndani yake, na Vim huja na programu iitwayo vimtutor, ambayo mwanafunzi huimaliza kwa takriban nusu saa. Masomo yote mawili ni faili ya maandishi ambayo mwanafunzi huisoma akiwa anaihariri, ambapo aya inamwambia kwamba amri fulani inafuta neno, na mstari unaofuata una neno la ziada linalongojea kufutwa. Hawezi kusonga mbele kwa kusoma peke yake. Ni mpango uleule wa binti anayejifunza kusuka ukili, ambaye hukabidhiwa miyaa yake tangu siku ya kwanza na kuketi kando ya bibi yake, akisuka na kufumua. Video ilipochukua nafasi ya masomo ya namna hiyo, picha na sauti ziliongezeka, ila ule mstari uliomngojea mwanafunzi ukaondoka.

Ili kupima uzito wa hasara hiyo ni lazima kwanza kujua mkato wa kibodi unaokoa nini. Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, waliokuza utafiti wa jinsi binadamu anavyotumia kompyuta, walichapisha mwaka 1980 kielelezo kinachokadiria muda wa kazi ndogondogo kwenye skrini. Kwa mpiga chapa mwenye ustadi wa wastani, kubonyeza kibonye kimoja huhesabiwa sekunde 0.2, kuelekeza kipanya mahali fulani sekunde 1.1, kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya sekunde 0.4, na kusita kidogo ili kufikiri hatua inayofuata sekunde 1.35. Mtu anayetaka kurudufu mstari wa msimbo kwa kipanya huhamisha mkono, huelekeza mwanzo wa mstari, huburuta hadi mwisho, hurudisha mkono, kisha hunakili, huenda mwisho wa mstari, hufungua mstari mpya na kubandika, na ukijumlisha kwa vipimo hivyo unapata takriban sekunde 4.4. Katika kihariri cha Visual Studio Code, kilichotangazwa na Microsoft mwaka 2015 na ambacho sasa kinatumika sana, kazi hiyohiyo kwenye Windows hufanywa kwa Shift, Alt na mshale wa chini, vibonye vitatu vyenye jumla ya sekunde 0.6.

Hesabu hiyo ndiyo inayotangazwa katika video, na ni ya kweli, lakini ni ya mtu ambaye mkono wake umekwisha kuzoea. Achukuliwe sasa mtu aliyetazama video jana. Anasita kukumbuka ni vibonye gani, sekunde 1.35, anabonyeza Alt na mshale bila Shift, na mstari unahama badala ya kurudufiwa, sekunde nyingine, anatendua kwa Ctrl+Z, anasita tena, kisha anabonyeza ipasavyo. Kwa vipimo vilevile ametumia zaidi ya sekunde 4, yaani karibu sawa kabisa na aliyetumia kipanya, na juu ya hayo amepoteza kitu ambacho kielelezo hicho hakikipimi, nacho ni uzi wa mawazo kuhusu tatizo alilokuwa akilitatua. Mkato uliojulikana nusu haumwokolei mtu muda, na thamani yake yote inapatikana baada ya kitendo kuwa mazoea yasiyohitaji kufikiriwa. Kwa hiyo somo lolote la mikato linalokoma kabla ya hapo limemwacha mwanafunzi mahali pabaya zaidi katika safari nzima, pale ambapo gharama ameilipa na faida bado haijafika.

Hata hivyo si haki kuilaumu video kwa kushindwa kazi zote, kwa kuwa kuna moja ambayo kitabu na orodha haziiwezi. Mtu hutafuta jibu la swali alilo nalo, na hawezi kutafuta kitu asichojua kuwa kipo. Mwandishi wa programu ambaye kwa miaka mingi amebadilisha jina moja katika mistari tisa kwa kulifuta na kuliandika mara tisa hana malalamiko, wala hana sababu ya kuuliza kama ipo njia nyingine, mpaka siku atakapomwona mwingine akiweka kielekezi juu ya neno hilo, akabonyeza Ctrl+D mara kadhaa na kila mara tukio linalofuata la neno hilo likaongezwa kwenye uteuzi, kisha akaandika jina jipya mara moja nalo likajiandika kila mahali kwa wakati mmoja. Maelezo ya maandishi ya jambo hilo huchosha na huleta utata, ilhali picha inayotembea hulieleza kwa sekunde tano. Ugunduzi wa namna hiyo ndiyo zawadi ya kweli ya video, hasa kwa wale wanaofanya kazi peke yao bila mwenzao mzoefu wa kumchungulia begani.

Lakini mfano huohuo unafichua kasoro ambayo wachambuzi wa mafunzo haya huipita haraka mno. Video huchagua mikato inayopendeza machoni, na kinachopendeza machoni sicho kinachofaa zaidi kazini. Ctrl+D hutafuta herufi zinazofanana. Haijui kwamba neno "bei" katika fungu moja la msimbo ni kitu kimoja, na "bei" katika fungu jingine ni kitu tofauti kilichopewa jina hilo kwa bahati, wala haitofautishi jina linalotumiwa na programu na neno lililomo ndani ya sentensi atakayoisoma mteja. Katika kihariri hichohicho kuna kibonye cha F2, ambacho hubadilisha jina kwa kufuata maana, kwa kuwa kihariri huchambua msimbo na kulirekebisha jina hilo popote linapotumika, hata katika faili ambazo hazijafunguliwa, huku kikiyaacha yasiyohusika. Kwa kazi ya kubadilisha jina, F2 ni salama zaidi karibu kila mara. Tatizo lake mbele ya kamera ni kwamba hakuna cha kutazama, maana kisanduku kidogo hutokea, jina huandikwa, na mabadiliko mengi hufanyika mahali pasipoonekana. Vivyo hivyo kwa F12, inayomrusha msomaji hadi mahali jina lilipofafanuliwa, na Ctrl+P, inayofungua faili yoyote kwa kuandika herufi chache za jina lake. Hiyo ndiyo mikato ambayo mwandishi wa programu kubwa huitegemea saa kwa saa, nayo katika video hupewa sekunde chache ili nafasi ipatikane kwa vielekezi kumi vinavyocheza pamoja kwenye skrini.

Umbo la video hizi nalo lina sababu zake. Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji katika jukwaa la masomo la edX, wakaona kwamba watazamaji hawashikiki kwa zaidi ya dakika 6 hivi, hata video iwe ndefu kiasi gani. Watengenezaji walichojifunza kutokana na matokeo ya namna hiyo ni kufupisha, na kufupisha ni jambo jema, isipokuwa kwamba utafiti huo ulipima muda wa kutazama na haukupima kilichobaki kichwani. Video inayoahidi mikato ishirini kwa dakika kumi inaheshimu subira ya mtazamaji na papo hapo inavunja kanuni ya kumbukumbu, kwa kuwa kila mkato unapewa nusu dakika, haurudiwi tena, na unafanana na jirani yake kwa kibonye kimoja tu. Orodha ndefu ya vitu vinavyofanana, inayopita bila kurudiwa, ni miongoni mwa namna mbaya kabisa za kukumbuka chochote.

Juu ya hayo kuna hatari ya kujidhania, na hapa ushahidi uko wazi. Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2018 majaribio ambamo watu walitazama video za vitendo vya ustadi, kama kurusha vishale kwenye shabaha, wengine mara moja na wengine mara ishirini. Waliotazama mara nyingi waliamini kwamba wamekuwa bora na kutabiri alama za juu, lakini walipopewa vishale hawakufanya vizuri kuliko wenzao. Katika jaribio jingine, watu waliotazama video ya mchezo wa kurusha vifaa hewani kwa zamu walipewa nafasi ya kuvishika tu vifaa hivyo, na kule kuonja uzito wake kulitosha kupunguza kujiamini kwao kupita kiasi. Mkato wa kibodi ni kitendo cha mkono kama kurusha kishale, na una ugumu wa ziada kwamba katika video nyingi mkono wenyewe hauonekani, kinachoonekana ni matokeo kwenye skrini na pengine maandishi madogo ya vibonye pembeni.

Utafiti ulio karibu zaidi na suala hili ni wa zamani zaidi. Susan Palmiter na Jay Elkerton, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walilinganisha watu waliofundishwa kutumia programu ya HyperCard kwa maonyesho ya skrini inayotembea na waliofundishwa kwa maagizo ya maandishi. Wakati wa mafunzo wenye maonyesho walitangulia kwa kasi na usahihi, lakini siku saba baadaye waliosoma ndio waliokuwa wepesi zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mtazamaji huiga kile alichokiona muda mfupi uliopita bila kukichakata, wakati msomaji hulazimika kuyageuza maneno kuwa vitendo yeye mwenyewe, na jitihada hiyo ndiyo inayoacha alama. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo linaloshabihiana nalo mwaka 2006 kwa matini za kusoma, kwamba waliorudia kusoma walishinda baada ya dakika 5, ila baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliojitahidi kukumbuka bila kutazama.

Isidhaniwe kwamba aliyeshindwa kuzoea mikato ni mvivu. John Carroll na Mary Beth Rosson walieleza mwaka 1987 hali ambamo mtumiaji anayejishughulisha na kazi yake hukataa kusimama ili kujifunza njia bora, kwa sababu njia aliyonayo inamfikisha, japo kwa kuchelewa, na kusimama ni gharama ya leo kwa faida ya kesho. Uamuzi huo una mantiki kila siku ukiangaliwa peke yake, na ni hasara ukiangaliwa kwa mwaka mzima. Ndiyo maana hata watumiaji wa miaka mingi wa programu za uandishi wa kawaida wameonekana katika tafiti wakiendelea kubofya ikoni kwa amri wanazozitumia kila siku. Video humsimamisha mtu kwa dakika chache nje ya kazi yake, humburudisha, kisha humrudisha kazini ambako mazoea ya zamani yanamngoja yakiwa na nguvu zilezile.

Mafunzo yanayofaa, kwa hiyo, yanapaswa kumfuata mtu hadi kwenye kazi hiyo. Mwanafunzi anayetazama video ya mikato ishirini angefaidika kuchagua miwili tu, ile inayogusa kitendo alichokifanya mara nyingi wiki hiyo, kisha kuisimamisha video, kufungua faili yake halisi na kuitumia hapo, akijizuia kurudi kwenye video anaposahau, kwa sababu kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakojenga. Akikwama, Visual Studio Code ina msaada ulio bora kuliko kurudia kutazama. Ctrl+Shift+P hufungua kisanduku cha amri zote, na mtu anapoandika jina la jambo analotaka, amri hutokea na vibonye vyake huandikwa kando yake. Kila anapoutumia mlango huo mrefu anaonyeshwa ule mfupi, wakati uleule anaouhitaji. Kama video ingekuwa na nafasi ya kufundisha mkato mmoja tu, huo ndio ungestahili, kwa sababu unamwezesha mtazamaji kuipata mingine yote bila video.

Mazingira ya wanafunzi wa Afrika Mashariki na Kati yanaongeza uzito wa hoja hii. Wengi hutazama mafunzo kwenye simu kwa bando la kulipia, na ili bando lisiishe upesi ubora wa picha hushushwa, hali ambayo haina madhara makubwa kwa mahubiri au mpira lakini huyafanya maandishi ya msimbo, na zaidi yale maandishi madogo ya vibonye pembeni, kuwa ukungu usiosomeka. Anayetazama kwenye simu mara nyingi hana kompyuta mbele yake wakati huo, kwa hiyo ile hatua ya kujaribu papo hapo haipo kabisa. Tena mashine yenyewe hutofautiana na ya mwalimu. Mkato wa kurudufu mstari uliotajwa juu, kwenye Linux huongezewa Ctrl, na kwenye kompyuta za Apple Alt huitwa Option. Bujumbura, Lubumbashi na kwingineko ambako kibodi za mpangilio wa Kifaransa zinatumika, herufi A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na alama ya mkwaju inayotumika pamoja na Ctrl kuugeuza mstari kuwa maelezo yasiyotekelezwa hupatikana kwa kushika Shift kwanza. Mwanafunzi anayefuata vidole vya mwalimu badala ya kujua amri anayoitaka hukwama hapo, akadhani kosa ni lake. Ukurasa mmoja wa mikato, ambao kihariri hicho huutoa ukiwa umeandaliwa kwa kila mfumo wa uendeshaji, huchapishwa mara moja, hubandikwa ukutani na hauli bando. Ni fedheha kwamba video nyingi hazimwelekezi mtazamaji huko.

Suala lenyewe nalo linabadilika likiwa linachambuliwa. Tangu GitHub Copilot ilipojitokeza mwaka 2021, programu za akili bandia hupendekeza mistari mizima ya msimbo ambayo mwandishi huikubali kwa kubonyeza Tab, na sehemu kubwa ya mikato ya kuandika haraka, ile iliyopamba video kwa miaka kumi, imepungua thamani. Kilichopanda thamani ni mikato ya kusoma, yaani kuruka hadi kwenye ufafanuzi wa jina, kurudi ulikotoka kwa Alt na mshale wa kushoto, kuona mahali pote ambapo kitu kinatumika na kulinganisha msimbo wa zamani na mpya, kwa sababu anayekubali msimbo asiouandika anawajibika kuuelewa kabla haujafika kwa watu. Usomaji wa aina hiyo ni wa polepole, hauna mbwembwe, na mtazamaji wa kawaida ataona skrini inayobadilika mara chache huku mtu akifikiri. Bado mtengenezaji wa video anayeweza kulionyesha hilo vizuri, akisema kwa sauti anachokitilia shaka na ni kibonye gani anakibonyeza ili kukihakikisha, atakuwa anafundisha kitu ambacho wanafunzi wa sasa wanakihitaji kuliko vielekezi kumi vinavyosogea pamoja.